Kuandaa maafisa ugani kwa ziara ya mafunzo ng'ambo

Mwaka 1972 mkulima wa Rolândia, jimbo la Paraná nchini Brazili, alifunga safari ya Ulaya na Marekani akiwa na swali moja: nifanyeje mvua isiendelee kusomba udongo wa shamba langu? Mkulima huyo ni Herbert Bartz. Kule Kentucky alifika kwa Harry Young, aliyekuwa akipanda bila kulima tangu 1962. Aliona, akauliza, akaagiza mashine ya kupandia, na mwaka huohuo akapanda soya juu ya mabaki ya mazao bila kutifua ardhi. Leo kilimo bila kutifua kimeenea Brazili kwenye mamilioni ya hekta.

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo waratibu wa ziara hulisahau wakishazama kwenye tiketi na hoteli: safari ile ilizaa kwa sababu swali lilitangulia. Bartz alibeba swali lake mwenyewe. Afisa ugani anasafiri na maswali ya watu ambao hawatapanda ndege ile, na ndiyo maana maandalizi yake ni mazito zaidi. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mratibu wa ziara, lakini afisa anayesafiri naye atakuta humo kazi zake.

Hatua ya 1: Miezi sita kabla, kusanya maswali mashambani

Usianze na nchi, anza na wakulima. Kila afisa anayetarajiwa kusafiri akutane na vikundi viwili au vitatu anavyovihudumia, asikilize, na arudi na maswali matatu yaliyoandikwa kwa maneno ya wakulima wenyewe. Wanawake wasikilizwe peke yao walau mara moja. Palizi, uhifadhi wa mavuno na mbegu za kutunza nyumbani ni mambo ambayo mara nyingi hayasemwi mbele ya wanaume, na ndiyo yanayokula muda mwingi wa familia.

Swali linalostahili kusafirishwa linataja zao au mfugo, tatizo, na kikwazo kilichoshinda suluhisho la kwanza. "Kujifunza teknolojia za kisasa za umwagiliaji" si swali, ni kichwa cha habari cha ripoti. Swali ni hili: "Mipira yetu ya matone huziba baada ya msimu mmoja kwa sababu maji yana tope na chumvi. Wenye maji kama yetu huyachujaje, nani husafisha chujio, na gharama hiyo hulipwa na nani?" Ukiwa na swali la aina hiyo, hata mwenyeji asiyekujua anajua akupeleke wapi.

Kisha chuja. Swali linaloweza kujibiwa na maabara ya udongo au kituo cha utafiti kilicho jirani lisipande ndege. Lipeleke huko wiki hii. Hapa waratibu wengi huona aibu, wakidhani orodha ikipungua ziara itaonekana ndogo. Kinyume chake, orodha ya maswali sita magumu huifanya kila siku ya safari iwe na kazi.

Andika kila swali kwenye kadi yake: juu swali, katikati jina la kikundi, chini tarehe ambayo afisa atarudi kutoa majibu. Nakala moja ibaki na kikundi. Kadi hii itatumika hadi mwisho wa kazi, kwa hiyo iandaliwe kwa uangalifu.

Hatua ya 2: Chagua watu watakaorudi shambani

Nitasema wazi: kiti cha ziara ya mafunzo si zawadi ya utumishi mrefu. Anayekaribia kustaafu au kuhamishiwa idara nyingine ataondoka na alichojifunza. Chagua afisa ambaye kwa miaka miwili ijayo bado atakuwa anakanyaga mashamba ya watu.

Wapeleke wawili wawili kutoka eneo moja. Mtu mmoja akirudi na wazo geni hubaki peke yake akilitetea, lakini wawili hukumbushana, husahihishana, na mmoja akihamishwa wa pili anabaki. Hakikisha wanawake wamo kwa idadi yenye uzito. Kama bajeti inaruhusu, mpe mkulima mmoja kiti kamili katika msafara. Mkulima huona mambo ambayo macho ya ofisini huyapita: mpini wa jembe umechakaa upande gani, ng'ombe wanalala wapi, nani hasa anayebeba maji. Na akirudi akasema "nimeona kwa macho yangu", wenzake husikiliza kwa namna ambayo hawamsikilizi afisa yeyote.

Kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili kinatosha. Zaidi ya hapo, walio nyuma hawasikii, mwenyeji hugeuka mhutubu, na mazungumzo ya kweli hufa.

Hatua ya 3: Mwelewe mwenyeji, na msimu wake

Kabla ya kuandika barua ya maombi, jifunze ugani wa nchi ile unaendeshwaje. Marekani, sheria ya Smith-Lever ya mwaka 1914 iliunganisha vyuo vikuu vya kilimo na ofisi za ugani za kaunti, kwa hiyo mshauri utakayemkuta kijijini mara nyingi ni mtumishi wa chuo kikuu. Denmark, huduma za ushauri zimekuwa mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe. Uholanzi, huduma iliyokuwa ya serikali ilibinafsishwa kuanzia miaka ya 1990, na mkulima hulipia ushauri. Usipolijua hilo utaona mshauri mwenye gari zuri na kompyuta, utamwonea wivu, na hutauliza swali lenye maana: mshahara wake unatoka wapi, na mkulima mdogo asiyeweza kulipa husaidiwa na nani?

Katika barua kwa mwenyeji, weka maswali yenu kama yalivyoandikwa kwenye kadi, na ueleze kwa ufupi mvua, udongo, ukubwa wa mashamba na nguvu kazi mliyonayo. Kisha omba mambo matatu ambayo wageni huwa hawaombi. La kwanza, kutembelea shamba la mkulima wa kawaida, si lile la maonyesho pekee. La pili, kukutana na mkulima aliyejaribu mbinu hiyo akaiacha. La tatu, saa moja na mtu wa fedha: karani wa ushirika, afisa mikopo au mnunuzi wa mazao. Ombi la pili humshtua mwenyeji, lakini akilikubali ndilo litakalowafunza zaidi. Sababu zilizomfanya mtu aache kwa kawaida ndizo zitakazowakuta wakulima wenu.

Kuhusu wakati, kumbuka misimu ya kaskazini na kusini mwa ikweta inapishana. Anayetaka kuona mavuno ya mahindi ya Marekani aende Septemba hadi Novemba. Akienda Januari, kwenye majimbo mengi ya mahindi atakuta theluji. Hata hivyo majira ya baridi si hasara kwa kila mtu. Wakulima wa huko hawana kazi nyingi shambani wakati huo, kwa hiyo ndio msimu wa mikutano na mafunzo ya ugani. Kama kadi zenu zinahusu namna ya kuwafundisha watu wazima, kuendesha mikutano au kuhesabu faida na hasara pamoja na mkulima, Januari itawafaa kuliko Julai. Kama zinahusu palizi, chagueni wakati magugu yapo.

Hatua ya 4: Nyaraka

Sehemu hii haina falsafa, inahitaji kalenda tu. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita zaidi ya tarehe ya kurudi, kwa kuwa nchi nyingi hudai hivyo. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15, na bima ya matibabu ya safari lazima ifikie kiwango cha chini cha euro 30,000. Ninyi msisubiri siku 15. Ombeni miezi mitatu kabla, kwa sababu viza ya mtu mmoja ikichelewa jozi yake huvunjika.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hutambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Anayetumia dawa kila siku abebe za kutosha safari nzima, kwenye mfuko wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Nakala za nyaraka zote zikae kwa mratibu na kwa mtu mmoja aliyebaki nyumbani.

Hatua ya 5: Jifunze shamba lako kwa tarakimu kabla ya kuona la mwenzako

Hapa ndipo ziara nyingi hupotea bila mtu kujua. Afisa anaambiwa mavuno ya huko ni kiasi fulani, anaandika, anastaajabu, lakini hana cha kulinganisha nacho. Kila msafiri aandae ukurasa mmoja wa tarakimu za eneo lake: mvua ya kila mwezi na jinsi inavyobadilika mwaka hadi mwaka, aina ya udongo na tindikali yake, mavuno ya mkulima wa kawaida (si bingwa wa maonyesho), siku za kazi zinazotumika kwa kila shughuli, na bei ya mazao ikilinganishwa na bei ya pembejeo.

Ulinganisho huo wa mwisho ni wa thamani kubwa. Badala ya kubadilisha fedha za nchi moja kuwa za nyingine, uliza: mkulima wa hapa anahitaji kuuza kilo ngapi za nafaka ili anunue kilo moja ya naitrojeni ya mbolea? Na siku ngapi za kibarua zinatosha kununua pampu moja? Ukijibu maswali hayo kwa pande zote mbili, utaelewa mara moja kwa nini mbinu fulani inalipa kule na huenda isilipe kwenu.

Jifunzeni vipimo pia. Ekari ni karibu hekta 0.4. Busheli, kipimo cha nafaka cha Marekani, kwa mahindi ni takriban kilo 25.4, lakini ya soya au ngano ni kilo 27.2, kwa hiyo busheli si uzito mmoja kwa kila zao. Dunamu ya Israeli ni mita za mraba 1,000. Mu ya China ni karibu mita za mraba 667. Rai ya Thailand ni 1,600, na fedani ya Misri ni kama 4,200. Msafiri aweke jedwali hili ndani ya jalada la daftari lake na afanye mazoezi ya kugeuza mavuno kuwa kilo kwa hekta hadi azoee. Mwenyeji anaposema haraka akiwa kwenye trekta, hakuna muda wa kutafuta kikokotoo.

Hatua ya 6: Fanyeni mazoezi ya kuona na kuuliza

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mwezi mmoja kabla ya safari, peleka kikundi kizima kwenye shamba msilolifahamu, hata kama ni umbali mfupi tu, mjifanye mmetoka mbali. Kaeni saa mbili. Jioni kila mtu aeleze alichoona, kisha mpigieni simu mwenye shamba mumuulize kama ndivyo. Mtashangaa ni mangapi mliyoyadhania.

Kinachotafutwa kwenye zoezi hili ni kutenganisha kitu na masharti yake. Chukua mfano wa mbinu ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa tangu miaka ya 1990 na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, kwa kushirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Mgeni akifika shambani ataona desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za malisho kuzunguka shamba. Kwa dakika kumi ataelewa kwamba desmodiamu hufukuza nondo wa bungua, yaani viwavi watoboao mabua, na kuzuia gugu la kiduha, na nyasi za pembeni huwavuta nondo hao nje ya mahindi. Ataandika hayo na kupanda gari. Asichokiona ni mbegu ya desmodiamu inapatikana wapi na kwa shida gani. Asipouliza hatajua pia kwamba nyasi na desmodiamu vyote ni malisho, kwa hiyo mwenye ng'ombe anavuna mara mbili, na asiye na mfugo lazima atafute mnunuzi wa majani. Kwa afisa anayehudumia wakulima wasiofuga, jambo hilo lina uzito kuliko mistari yote ya mahindi aliyoipiga picha.

Kuna masharti yasiyoonekana shambani kabisa. Shamba darasa, yaani mafunzo ya wakulima yanayofanyika shambani kwao, lilianza Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mtu akiwaona wakulima wamechuchumaa kwenye mpunga wakihesabu buibui na panzi, akawaona wakichora na kujadili, atadhani siri iko kwenye michoro. Lakini mwaka 1986 serikali ya nchi hiyo ilikuwa imepiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, kwa sababu viliua wadudu rafiki na kumwacha panzi wa kahawia azaliane bila adui, na ruzuku ya viuatilifu ikaondolewa katika miaka iliyofuata. Wakulima walijifunza kuhesabu wadudu wakati ambapo sera pia ilikuwa imegeuka. Anayebeba mchoro akaacha sera amebeba nusu.

Kwa hiyo wafundishe wasafiri kwamba mbele ya kila kitu kizuri wapitie masharti yake: maji, ardhi na umiliki wake, nguvu kazi, mbegu na vipuri, mkopo, soko, sheria, na muda uliopita hadi faida ya kwanza. Si lazima waulize yote kwa kila shamba. Wayakumbuke tu, na walikamate lile linalonuka kama kikwazo cha nyumbani.

Namna ya kuuliza nayo inafundishika. Acheni maswali ya ndiyo na hapana. "Mbinu hii ni nzuri?" hujibiwa "ndiyo" dunia nzima. Ulizeni: "Mwaka wa kwanza ulikuwaje?" "Ni kitu gani kilikaribia kukukatisha tamaa?" "Jirani yako ambaye hajaanza, anasemaje?" "Chombo hiki kikiharibika wakati wa kazi nyingi, unafanya nini, na unasubiri siku ngapi?" Kisha nyamazeni. Mkulima aliyenyamaza anafikiri, na mgeni mwenye haraka humkatiza kwa swali jingine, jibu likapotea.

Kama kuna mkalimani, mpe orodha ya istilahi wiki mbili kabla: magonjwa, wadudu, vyombo, mazao, pamoja na majina ya kisayansi pale inapobidi, kwa kuwa jina la kawaida la gugu au mdudu mara nyingi halina mwenzake katika lugha nyingine. Fanyeni naye zoezi, hata kwa simu. Semeni sentensi fupi, mmoja mmoja, mkimtazama mkulima badala ya mkalimani. Na saa zinazotumika kufasiri zihesabiwe kwenye ratiba: mazungumzo ya saa moja huhitaji karibu saa mbili.

Hatua ya 7: Usibebe ugonjwa, wala usiupeleke

Maafisa ugani ni wasafiri wa hatari kuliko watalii. Mtalii hupita mjini, wao hutoka zizi hadi zizi na shamba hadi shamba. Mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo nchini Uingereza mwaka 2001 ulisababisha zaidi ya mifugo milioni 6 kuchinjwa. Virusi vya ugonjwa huo husafiri kwenye viatu, nguo na vifaa. Vimelea vya mnyauko fuzari wa migomba aina ya TR4 hudumu udongoni kwa miongo, na donge dogo kwenye soli ya kiatu linatosha kuvihamisha. Aina hiyo iligunduliwa Msumbiji mwaka 2013 na Kolombia mwaka 2019, nchi zilizo mbali sana na Asia ambako ilijulikana kwanza.

Kila msafiri awe na viatu viwili: vya mjini na vya shambani. Vya shambani viwe vya mpira, vinavyosuguliwa kwa urahisi, na visuguliwe kwa brashi na sabuni mpaka kwenye mifereji ya soli, kisha vipakwe dawa ya kuua vimelea. Udongo utoke kwanza, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya tope. Afadhali zaidi, mwombeni mwenyeji awape mabuti na makoti ya shamba lake, myaache hapohapo mkiondoka. Nguo zilizoingia zizini zifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kufungwa kwenye begi.

Kwenye fomu za forodha, jibu ukweli. Marekani, Australia na New Zealand huuliza wazi kama umekuwa shambani au umebeba udongo, mimea au mazao ya wanyama. Ukisema ndiyo, kwa kawaida viatu hukaguliwa, pengine huoshwa, na unaendelea na safari. Ukificha, New Zealand hutoza faini ya papo hapo ya dola 400 za nchi hiyo, na jina la msafara wenu limeharibika. Baada ya kutoka kwenye mifugo ya nje, kaeni mbali na mifugo kwa siku tano au zaidi kama mamlaka ya mifugo inavyoelekeza, hata kama kikundi cha wafugaji kinawasubiri kwa hamu.

Na sasa jambo la mbegu. Najua mvuto wake. Unaona aina nzuri ya maharage, mkulima mkarimu anakupa kiganja kimoja, nawe unawaza furaha ya wakulima wako. Usichukue. Mbegu, kipande cha mhogo, kikonyo cha kiazi kitamu, vyote vinaweza kubeba virusi na kuvu visivyoonekana. Kuna njia halali: kibali cha kuingiza kutoka mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako, cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ya mwenyeji, na makubaliano ya kuhamisha vinasaba pale yanapohitajika chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea au Itifaki ya Nagoya, inayohusu kugawana faida za rasilimali hizo. Njia hiyo ni ndefu, na hupitia taasisi ya utafiti. Wewe andika jina kamili la aina hiyo na kituo kinachoitunza, kisha umkabidhi mtafiti nyumbani aiagize. Ukifanya hivyo umewapa wakulima mbegu bila kuwapa ugonjwa.

Hatua ya 8: Wakati wa ziara

Maeneo mawili kwa siku, si zaidi. Gawaneni kazi: mmoja aongoze maswali, mmoja aandike tarakimu, mmoja apige picha, mmoja atazame yasiyosemwa. Mbadilishane kila siku. Ombeni ruhusa kabla ya picha, hasa za vibarua na watoto, na kila picha ipewe maelezo usiku huohuo, maana baada ya wiki mbili mashamba yote hufanana. Fikeni kwa wakati mliokubaliana, mkulima amesimamisha kazi yake kwa ajili yenu.

Jioni kaeni dakika 45 kabla ya chakula. Chukueni kadi moja moja: leo tumepata nini cha kujibu swali hili? Kinafanya kazi hapa kwa masharti gani? Sharti lipi halipo kwetu, na je, kuna namna ya kulipata au kuliepuka? Andikeni majibu nyuma ya kadi, hata yakiwa nusu. Anayesema "kila kitu kilikuwa kizuri" aulizwe tena, kwa upole, mpaka ataje kitu kimoja kwa jina.

Msiwe wapokeaji tu. Wenyeji nao wana maswali, na afisa aliyezoea kufundisha bila gari, bila umeme na kwa lugha tatu ana ujuzi ambao washauri wengi wa nchi tajiri hawana. Andaeni maelezo ya dakika kumi kuhusu kazi yenu, yenye picha za mashamba ya kwenu, na muyatoe mapema katika ziara. Mwenyeji akishajua mnatoka wapi, ushauri wake hubadilika.

Hatua ya 9: Kurudi

Hatua hii hupangwa kabla ya kuondoka, fedha zake zikiwamo. Tenga sehemu ya bajeti kwa majaribio ya nyumbani kabla ya kununua tiketi, na isiguswe hata nauli ikipanda. Kama haitoshi, punguza msafiri mmoja. Safari ya watu tisa yenye viwanja vya majaribio ina faida kuliko safari ya watu kumi yenye ripoti.

Ndani ya wiki mbili baada ya kurudi, kwa kuzingatia zile siku za kukaa mbali na mifugo, kila jozi iende kwenye vikundi vyake na kadi. Wasianze na hadithi za ndege na majengo. Wasome swali, wasome jibu, wataje masharti, kisha wakulima waamue lipi linafaa kujaribiwa. Jaribio liwe dogo, kwenye shamba la mkulima aliyejitolea, kando ya kipande kinacholimwa kama kawaida ili tofauti ionekane. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Siku za kazi na gharama ziandikwe pamoja na mavuno, na jaribio lidumu misimu miwili walau, kwa kuwa msimu mmoja wenye mvua nzuri humdanganya kila mtu.

Bartz mwenyewe hakupata mteremko. Magugu yalimsumbua sana miaka ya mwanzo, na mbinu ilienea pale wakulima wa Paraná walipoanza kukutana na kusaidiana, wakaunda hata chama walichokiita Clube da Minhoca, yaani klabu ya minyoo ya ardhini. Kwa hiyo panga pia kukutana kwa wasafiri wenyewe: mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kila mara kwenye shamba mojawapo la majaribio, si kwenye ukumbi. Mwalikeni mwenyeji kwa simu ya video akiwa tayari, mumwonyeshe kilichoota na kilichokataa, mumuulize yeye angefanyaje.

Kwenye mkutano wa mwezi wa kumi na mbili, wekeni kadi zote mezani. Zilizojibiwa na kujaribiwa zibaki na kikundi pamoja na tarakimu zake. Ambayo haikujibiwa irudishwe kwa walioiuliza ikiwa na maelezo ya mahali ilikoulizwa na jibu lililotolewa, kisha wao waamue kama iandikwe upya kwa ajili ya msafara ujao.